Punda wa Msamaria

Ni wachache miongoni mwetu wasioijua habari ya Msamaria mwema. Tumeisikia tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza, na kila mara inaposomwa Padre hutuhimiza tuwe na huruma kama mtu yule. Mafundisho hayo ni ya kweli, wala hatuna la kuyapunguza. Lakini leo twapenda kumtazama mmoja katika habari ile ambaye hatajwi sana mahubirini. Naye ni mnyama wa Msamaria, ambaye kwa desturi ya nchi ile twaweza kumdhania kuwa punda.

Injili ya Mtakatifu Luka, katika sura ya 10, yatueleza kwamba Msamaria hakuishia kuyafunga majeraha ya yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akampeleka mpaka nyumba ya wageni, akakesha naye. Na siku ya pili akampa mwenye nyumba dinari mbili, akajifunga kulipa na deni litakalozidi. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Na njia ile itokayo Yerusalemu kwenda Yeriko ni mwendo wa kilomita 27 hivi, nayo yateremka karibu mita 1,000 kati ya majabali na nyika kavu.

Tufikiri kidogo. Msamaria angekuwa na huruma tele lakini hana mnyama, angefanya nini katika njia ile? Angekaa kando ya majeruhi akimlilia mpaka afe. Angekuwa na mnyama, lakini pasiwe na nyumba ya kumpokea, angezunguka naye usiku kucha. Na kama nyumba ingekuwapo, lakini mwenyewe akasimama mlangoni akauliza kwanza nani atalipa, yule mtu angefia kizingitini. Huruma ndiyo iliyomsimamisha Msamaria. Lakini ili majeruhi apone, huruma hiyo ilihitaji mnyama wa kumbeba, nyumba ya kumpokea, na fedha ya kumlipia.

Leo vitu hivyo vitatu twaviita gari la wagonjwa, hospitali iliyo tayari, na mfuko wa kulipia dharura. Neno letu juma hili ni hili: nchi isiyotaka watu wake wafie njiani haina budi kuviweka vyote vitatu pamoja katika sheria zake. Na Mkristo asidhani kwamba shauri hilo ni la wanasiasa peke yao.

Mauti ya njiani

Mwaka 1994 wataalamu wawili wa Marekani, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwa nini kina mama hufa kwa uzazi hata pale ambapo dawa ya kuwaponya yajulikana. Walisema kuna kukawia kwa namna tatu. Kwanza ni kukawia nyumbani, yaani kuchelewa kukata shauri la kutafuta msaada. Pili ni kukawia njiani, yaani kuchelewa kufika hospitalini. Tatu ni kukawia hospitalini kwenyewe, mgonjwa amekwisha kufika lakini hatibiwi.

Kina mama wanaosoma gazeti hili hawahitaji mtaalamu wa kuwafundisha jambo hilo. Wajua nyumba ambamo mzazi alianza kutokwa damu usiku, mume yuko safarini, na wazee wakasema tusubiri kupambazuke. Wajua vijiji ambavyo mgonjwa hubebwa juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne wakipokezana na wengine wanne, mpaka ifikiwe barabara ipitayo gari. Wajua bei ya gari la kukodi saa nane za usiku, na jinsi bei hiyo ipandavyo mwenye gari akisikia kilio ndani ya nyumba. Tena wamjua mgonjwa aliyefikishwa baada ya taabu hiyo yote, akakuta akiba ya damu hakuna.

Kuvuja damu baada ya kujifungua kwaweza kumwua mama kwa muda wa saa mbili hivi tangu kuanza. Mahali pengi katika nchi yetu saa mbili hazitoshi hata kumtafuta mwenye gari, kumwamsha na kupatana naye bei. Basi mama huyo akifa tusiseme upesi kwamba ni mapenzi ya Mungu. Mungu ametupa akili ya kutengeneza barabara, simu na magari, naye atatudai hesabu ya jinsi tulivyovitumia.

Punda aitwaye kwa simu

Si haki kusema ya upungufu tu, tukanyamaza juu ya mema yaliyotendeka. Mwaka 2013 ulianza katika Kanda ya Ziwa mpango ambao baadaye ulijulikana kwa jina la m-mama. Waanzilishi wake walitambua kwamba magari ya wagonjwa hayatoshi kufika kila kijiji, lakini karibu kila tarafa ina mtu mwenye gari lake. Basi waliwaandikisha watu hao, wakaitwa madereva jamii.

Kazi yake ni hivi. Mama apatwapo na hatari, yeye mwenyewe au jamaa au mhudumu wa zahanati hupiga simu namba 115 bila malipo. Mtu wa zamu kituoni huuliza dalili, huamua mgonjwa apelekwe wapi, kisha huita gari la wagonjwa. Gari hilo likiwa mbali, humwita dereva jamii aliye karibu. Dereva akisha kumfikisha mgonjwa hulipwa nauli yake kwa njia ya simu, na mgonjwa hadaiwi senti. Mwezi wa Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua mpango huo jijini Dodoma uwe wa taifa zima, nao tangu hapo umeenezwa katika mikoa ya Tanzania Bara na Zanzibar.

Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015-16 ulikadiria kwamba katika kila vizazi hai 100,000 walikufa kina mama 556. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Hatusemi kwamba gari ndilo lililoleta badiliko hilo lote, maana mpango wenyewe ulikuwa ndio kwanza unaenea nchini. Wako wakunga na waganga, viko vituo vya afya vilivyopewa vyumba vya upasuaji, na juhudi nyingine nyingi. Twasema tu kwamba mambo yakipangwa watu huokoka. Na wale 104 wasituache tukalala, maana kila mmoja wao aliitwa mama na watoto waliobaki nyumbani.

Lakini mpango huu, kwa wema wake wote, ni wa kina mama wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga. Je, kijana wa bodaboda aliyegongwa na lori jioni, abebwe na nani? Mzee aliyeanguka kwa kiharusi akienda Misa ya asubuhi? Mtoto wa miaka 5 mwenye degedege? Mkulima aliyeumwa na nyoka shambani, au mchimbaji aliyefukiwa na kifusi? Hao wote wamelala katika njia ile ile ya Yeriko, nao damu yao ni ya thamani ile ile mbele ya Muumba.

Mpango na sheria

Wengine watauliza: Ikiwa upo mpango, sheria ya nini? Tunajibu kwamba mpango huishi kwa hisani ya aliyeuanzisha. Mfadhili aweza kuchoka, bajeti yaweza kupunguzwa, kiongozi aweza kuhamishwa. Sheria humpa mtu haki ya kudai. Mpango ukikoma, mjane hana wa kumshtaki. Sheria ikivunjwa, anaye.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Ibara ya 14, inatambua haki ya kila mtu ya kuishi, na haki ya kupata hifadhi ya maisha yake kutoka katika jamii kwa mujibu wa sheria. Tulipime neno hilo, jamii. Katiba haikusema kwamba mtu ahifadhiwe na fedha zake, wala na jamaa zake waliofanikiwa. Ni jamii nzima iliyowekewa wajibu.

Majirani zetu wa Kenya wameendelea mbele katika njia hii, na safari yao ina mafundisho. Katiba yao ya mwaka 2010, Ibara ya 43, inasema wazi kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na Jedwali lake la Nne linaikabidhi kila kaunti kazi ya magari ya wagonjwa. Ni maneno mazuri sana. Lakini mwaka 2015, Katiba hiyo ikiwa na umri wa miaka mitano, mtu mmoja aliyegongwa na gari alikaa ndani ya gari la wagonjwa muda wa saa 18 akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi katika jiji la Nairobi, kisha akafa. Gari alikuwa nalo, na haki ilikuwa imeandikwa. Nyumba ya kumpokea ndiyo iliyokosekana.

Mwaka 2017 Bunge la Kenya likatunga Sheria ya Afya, ambayo inahesabu huduma ya kabla ya kufika hospitalini kuwa sehemu ya matibabu ya dharura. Hospitali yenye uwezo ikikataa kumtibu mgonjwa wa dharura yaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 3. Mwaka 2023 likatunga sheria nyingine ya bima ya afya, iliyounda mfuko wa kulipia dharura na magonjwa mazito. Yaani haki iliandikwa mwaka 2010, adhabu ikafuata mwaka 2017, na mfuko mwaka 2023. Ilichukua miaka 13 kuviandika vyote katika sheria. Na hata sasa mfuko ulioandikwa hauna budi kujazwa kila mwaka, na vitanda kuongezwa. Tujifunze kwao, ili sisi tusihitaji kuwazika watu kati ya sheria moja na nyingine.

Tuwatazame pia walio mbali na matajiri. Mpaka miaka ya 1960, katika sehemu nyingi za Marekani, mgonjwa wa dharura alibebwa na gari la kampuni ya mazishi, kwa kuwa ndilo lililokuwa na nafasi ya mtu kulala. Gari lililopeleka maiti makaburini asubuhi ndilo lililompeleka majeruhi hospitalini jioni, na mara nyingi dereva wake hakujua hata kuzuia damu. Mwaka 1966 chuo cha taifa cha wataalamu wa sayansi kilitoa taarifa kali juu ya watu waliokufa kwa ajali, na mwaka ule ule Bunge lao likapitisha sheria ya usalama wa barabarani iliyoyasukuma majimbo kupanga huduma za dharura. Mwaka 1967, katika mji wa Pittsburgh, watu weusi wa mtaa maskini wa Hill District, wengi wao wasio na kazi, walianza kufunzwa chini ya Daktari Peter Safar kuwatibu wagonjwa ndani ya gari. Kikosi chao kiliitwa Freedom House. Kilifanya kazi mpaka mwaka 1975, nacho kikawa miongoni mwa vielelezo vya kwanza vya wahudumu wa dharura wenye mafunzo katika nchi ile.

Kisha, mwaka 1986, Marekani ilitunga sheria inayozitaka hospitali zinazopokea fedha za bima ya Serikali kumpima kila mgonjwa wa dharura na kumtuliza hali yake kabla ya kuuliza uwezo wake wa kulipa. Basi punda alikuwapo, na nyumba ilifunguliwa. Lakini dinari mbili ziliachwa nyuma. Sheria iliyoanza kazi Januari 2022, iliyokusudiwa kuwakinga wagonjwa na hati za madai wasizozitazamia, iliyahusu matibabu ya dharura na hata ndege za wagonjwa, lakini iliyaacha nje magari ya barabarani. Ndiyo sababu majimbo kadhaa, kama Texas na California mwaka 2023, yalilazimika kutunga sheria zao kuziba pengo hilo. Tajiri naye akisahau moja kati ya yale matatu, mgonjwa wake huumia.

Udugu na sheria

Msomaji aweza kusema: Padre, mwatufundisha siasa. Upendo haulazimishwi kwa sheria. Kweli haulazimishwi. Lakini upendo hupanga. Baba Mtakatifu Yohane wa 23, katika barua yake ya mwaka 1963 juu ya amani duniani, aliyahesabu matibabu miongoni mwa haki zitokanazo na uhai wenyewe wa mtu. Na Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2020 juu ya udugu, alitoa mfano ulio wazi kwa kila mtu wa kijijini: amsaidiaye mzee kuvuka mto atenda upendo, na kiongozi ajengaye daraja mahali hapo atenda upendo pia. Anayempakia majeruhi katika gari lake ni Msamaria. Mbunge anayesimama kutetea gari la wagonjwa kwa kata asiyotoka yeye, naye ni Msamaria, ingawa hatamwona kamwe yule atakayepakiwa.

Tena udugu na sheria vyaweza kuvuta jembe moja. Mjini Florence, katika Italia, kuna chama cha waamini kiitwacho Misericordia, ambacho kwa mapokeo kilianzishwa mwaka 1244. Waamini wake waliwabeba wagonjwa na kuwazika maskini, nyakati za tauni na nyakati za amani, bila kutaka ujira. Chama hicho kiko hai hata leo, na wafuasi wake hukesha kwa zamu katika magari ya wagonjwa. Mwaka 1992 Serikali ya Italia ilipotoa amri ya kuweka namba 118 kwa dharura za afya nchini kote, haikuwafukuza watu hao. Vyama vya namna hiyo vimefanya kazi pamoja na huduma ya Serikali. Sheria iliweka simu, madaktari na fedha; waamini wakatoa usiku wao.

Naye Mtakatifu Kamilo wa Lellis, aliyefariki mwaka 1614, aliwatuma watawa wake wenye msalaba mwekundu kifuani kuwafuata majeruhi hata uwanjani mwa vita. Hakungoja waletwe mlangoni. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba shughuli ya kuwabeba wagonjwa ni ngeni kwa Kanisa.

Wako pia wasemao kwamba nchi yetu ni maskini, na gari moja la wagonjwa ni ghali. Neno lao lina uzito. Lakini mpango wa madereva jamii umekwisha kuonyesha kwamba si lazima kununua punda mpya kwa kila kijiji; yatosha kumjua mwenye punda, na kumlipa kwa haki na kwa wakati. Na dinari mbili za Msamaria siku hizi hutolewa kwa jina la kodi na la bima. Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mfanyabiashara Mkatoliki anayeficha mauzo yake asilipe kodi, kisha Dominika akatoa sadaka kubwa mbele ya watu, ajiulize ni kwa nani alizichukua zile dinari.

Wajibu wetu

Basi, wapenzi, sheria itungwe. Lakini kuna kazi ambayo Bunge haliwezi kuifanya kwa niaba yetu.

Ya kwanza ni ya nyumbani. Sheria haiwezi kuingia chumbani usiku kumwambia mume akate shauri. Kila nyumba yenye mjamzito iwe na namba 115 imeandikwa mahali pa kuonekana, kadi ya kliniki na nguo za mtoto zikae tayari, na mume aseme mapema, mbele ya wazee, kwamba hatari ikitokea mtu asingoje ruhusa yake. Mwanamume asemaye yeye ndiye kichwa cha nyumba, ajue kwamba kichwa ni cha kufikiri kabla ya msiba.

Ya pili ni ya jumuiya ndogo ndogo. Mtakatifu Marko atusimulia habari za watu wanne wa Kapernaumu waliombeba mwenye kupooza, na walipokuta mlango umezibwa na watu wakatoboa dari. Injili haitaji majina yao, na Bwana Yesu aliitazama imani yao. Kila jumuiya ijue nani ana gari au bajaji, nani ana machela, nani amefunzwa huduma ya kwanza, na nani yu tayari kutoa damu. Mkikutana kusali rozari, tumieni dakika 5 kuyapanga hayo. Katekista aandike katika daftari.

Ya tatu ni ya wote watumiao barabara. Ukisikia king'ora, pisha. Huenda aliye ndani ni mwanao. Ukikuta ajali, simama. Yule kuhani na yule Mlawi walipita upande mwingine, nasi twawalaumu. Lakini siku hizi kuna jambo baya zaidi, nalo ni kumkaribia majeruhi ili kumpekua mifuko. Mtu huyo hakuiga kuhani wala Mlawi, amewaiga wanyang'anyi. Na tuikumbuke Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Mungu awarehemu. Tuwafundishe vijana wetu kwamba mahali pa ajali ni mahali pa kuokoa watu, si pa kuokota mali.

Ya nne ni ya watumishi wa afya na askari. Kwa miaka mingi majeruhi wa ajali na wa mapigano walizoea kuulizwa kwanza fomu ya polisi, PF3. Fomu hiyo ina kazi yake, ambayo ni kuhifadhi ushahidi. Haikuwekwa iwe tiketi ya kuingilia hospitalini. Bwana Yesu aliwauliza Mafarisayo nani kati yao ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya Sabato hatamwopoa mara moja, nao hawakuwa na jibu. Damu izuiwe, kisha karatasi ijazwe. Na hospitali zetu za Kanisa, zilizojengwa kwa jasho la wamisionari na sadaka za maskini, ziwe za kwanza kulishika hilo. Twajua zina madeni na mishahara ya kulipa. Lakini kudai fedha mlangoni kwa mtu anayekata roho, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, ni jambo ambalo mwenye picha ile atatuuliza.

Ya tano ni ya dereva na msimamizi wa gari la wagonjwa lenyewe. Magazeti yamepata kuandika habari za magari ya namna hiyo kukamatwa yamebeba magendo. Anayekodisha gari la wagonjwa kwa mizigo, au kuuza mafuta yake, asifikiri ameiba petroli tu. Ameiba saa mbili za mama asiyemjua.

Na kwenu, ndugu zetu mlio wabunge na madiwani, twawaachia maswali matatu ya kuuliza kila mswada na kila bajeti ya afya ifikapo mezani penu. Mgonjwa huyu atabebwa na nini? Atapokelewa wapi, na nani aliye macho? Atalipiwa na nani, ili asiulizwe mlangoni? Swali moja likikosa jibu, mswada huo haujamfikisha mtu Yeriko. Urudisheni mpaka ujibu.

Siku ya hukumu, kama asemavyo Mtakatifu Matayo, Bwana hatatuuliza tuliisoma mara ngapi habari ya Msamaria. Atasema juu ya mgonjwa tuliyemtazama au tusiyemtazama, naye atakuwa ni Yeye mwenyewe. Usiku huu, mahali fulani katika nchi yetu, mtu amelala kando ya njia akisikiliza kama kuna mlio wa gari linalokuja. Mama Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, amwombee. Nasi, kila mmoja kwa kazi aliyopewa, tufanye haraka.